Majina Yao Yako Wapi? Somo la Neno "Kariokor"

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kiligawa kazi za jarida mapema. Wengine walipewa mashairi, wengine ngeli, wengine vitendawili. Mimi nilipewa "Asili ya Neno". Mwalimu mlezi wa chama aliniambia, "Chagua neno moja unalolisikia kila siku na hujui maana yake. Lifuate mpaka lilikotoka, kisha rudi utuambie." Nilidhani ni kazi ya jioni moja tu na kamusi. Kumbe ilinichukua muhula mzima, ikanipeleka hadi makaburini, na mwishowe ikanirudisha nyumbani kwa nyanya yangu.

Neno langu lilikuwa Kariokor.

1. JINA LISILO NA JIWE

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila asubuhi matatu yetu hupita karibu na soko la Kariokor hapa Nairobi, na kila asubuhi makanga hupiga bati kwa kiganja akiita, "Kariokor! Kuna wa kushuka Kariokor?" Wengi wenu mwalijua soko hilo kwa vyondo, kwa viatu vya akala, na kwa nyama choma. Nilipowauliza wenzangu darasani maana ya jina lenyewe, mmoja alijibu eti lilikuwa jina la Mhindi mwenye duka. Mwingine akasema "kari" ni ile bizari ya mchuzi, kwa hivyo bila shaka hapo zamani palipikwa chakula kitamu. Tulicheka sana. Lakini kuuliza si ujinga, nikaendelea kuuliza.

Ukweli ni huu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Waingereza waliotawala Kenya na Uganda walipigana na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Vita vilipiganwa porini. Barabara zilikuwa chache, na magari yalikwama kwenye matope. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa wingi kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Sasa ni nani angebeba risasi, mahema, unga na majeruhi? Ni binadamu. Waingereza wakaunda kikosi cha wapagazi, wakakiita kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yao hapa Nairobi ndiyo iliyoacha jina la Kariokor.

Hapa kuna somo dogo la matamshi. Katika neno "Corps" Mwingereza hatamki herufi mbili za mwisho. Husema "kor" tu. Watu wetu waliandika walivyosikia. Nairobi wakabaki na Kariokor. Dar es Salaam, ambako pia kulikuwa na kambi ya wapagazi baada ya Waingereza kuuteka mji huo mwaka 1916, neno lilivaa vazi la Kiswahili kamili. Kiswahili hupenda neno limalizikie kwa irabu, basi "r" ya mwisho ikaanguka na irabu ikavutwa: Kariakoo. Masoko mawili, miji miwili, na mzazi mmoja.

Wapagazi hao hawakuwa wachache. Upande wa Waingereza peke yake, Waafrika zaidi ya 400,000 walitumika kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki. Wengine walikwenda kwa hiari, wakitafuta mshahara. Lakini kuanzia mwaka 1915 ilikuwako sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 ukafanywa msako mkubwa wa kuwakusanya wanaume wilaya kwa wilaya. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinaonyesha kuwa waliokufa walizidi 40,000. Wanahistoria wengi wanasema hesabu hiyo ni ndogo, na kwamba huenda walikaribia 100,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mtu wa nyanda za juu aliyezoea viazi na ndizi alipewa unga usioiva vizuri, akalala kwenye baridi na mvua, na asubuhi akatwikwa mzigo tena.

Vita hivyo vilikwisha huku kwetu tarehe 25 Novemba 1918, wakati Jenerali Mjerumani von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha zake huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Ulaya walikuwa wamekwisha kunyamaza wiki mbili kabla. Wapagazi waliobaki hai wakarudi makwao. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa ilisemekana haijulikani ni ya nani.

Basi nikawa na jibu langu, na ningeweza kuishia hapo. Kila siku makanga huita kikosi cha wafu, na sisi tunashuka kununua viatu. Lakini nilipompelekea mwalimu kurasa zangu mbili, alizisoma, akanirudishia, akaniuliza swali moja: "Umeniambia waliitwaje wote kwa pamoja. Je, mmoja mmoja waliitwa nani?"

2. JIWE LISILO NA MAJINA

Jumamosi moja ya muhula wa pili wanachama kumi na wanane tulitembea na mwalimu hadi katikati ya mji, kwenye barabara ya Kenyatta Avenue. Hapo ipo sanamu ya askari, ambayo bila shaka mmeipita mara nyingi mkikimbilia basi. Sanamu hiyo ni ya mwaka 1928 na ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Ina wanaume wa shaba nyeusi, na mmoja wao si askari; ni mpagazi. Mwalimu alitwambia tumtazame vizuri huyo, kwa sababu ndiye baba wa Kariokor.

Chini yao pameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na mwandishi mashuhuri Rudyard Kipling. Yanasema kwamba hii ni kumbukumbu ya askari wa Afrika waliopigana, na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine wote waliokufa. Halafu yanatoa ahadi: kwamba mtu akipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Tulisoma kimya. Kisha mwenzetu mmoja wa kidato cha kwanza akazunguka sanamu yote, mara ya kwanza, mara ya pili, akarudi akauliza, "Mwalimu, sasa majina yenyewe yako upande gani?"

Mwalimu akasema, "Hayako."

Jamani, mimi nimesoma fasihi tangu kidato cha kwanza, na mara nyingi nimeandika katika mtihani kwamba kinaya ni kinyume cha matarajio. Siku hiyo ndipo nilipokiona kinaya kwa macho. Jiwe linaahidi kwamba jina litakumbukwa, na jiwe lenyewe halina jina hata moja.

Kwa nini mambo yakawa hivyo? Mwaka 1917 Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na pasiwe na tofauti ya cheo, rangi wala dini. Huko Ulaya kanuni hiyo ilifuatwa sana. Jenerali na askari wa kawaida walilazwa chini ya mawe ya namna moja. Lakini huku kwetu, baada ya vita vile vya kwanza, Wazungu waliwekewa mawe yenye majina, na askari na wapagazi Waafrika walio wengi wakaachiwa sanamu tatu tu: ya Nairobi, ya Mombasa na ya Dar es Salaam. Maofisa wa miaka ya 1920 waliandika katika barua zao kwamba Waafrika hawajali makaburi ya watu wao, kwa hiyo hakuna haja ya kuwawekea alama.

Haya si maneno ya kusingizia. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi huohuo. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja.

Kusema kweli nilikasirika, hasa kwa lile neno la "hawajali makaburi". Mimi ni mtu wa Magharibi. Kwetu mtu akifia Mombasa, watu huuza ng'ombe ili mwili urudishwe nyumbani. Na mwili usipopatikana kabisa, hukatwa mgomba, ukafungwa sanda, ukaliliwa, ukazikwa mahali pa mtu, ili naye awe na kaburi lake kati ya ndugu zake. Watu wanaozika mgomba kwa machozi, nani atasema hawajali makaburi?

Nalijua jambo hilo vizuri kwa sababu nyumbani kwetu upo mgomba uliozikwa. Nitalieleza hapo mbele.

3. JIWE NA JINA

Safari yetu ya tatu ilikuwa kwenye Makaburi ya Vita yaliyoko kando ya barabara ya Ngong. Haya ni ya Vita vya Pili vya Dunia, 1939 hadi 1945. Yalifunguliwa mwaka 1941, na yana makaburi zaidi ya 1,900.

Nilitarajia mahali pa kuogofya, penye magugu na bundi. Sivyo. Nyasi zimekatwa vizuri, na mawe yamepangwa kwa safu kama wanafunzi kwenye gwaride la asubuhi. Kelele za magari hubaki nje. Kila jiwe lina namba ya mtu, cheo chake, jina lake, kikosi chake na tarehe aliyokufa. Tulitembea polepole tukisoma kwa sauti ya chini. Wako Waingereza na watu wa Afrika Kusini. Wako watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, na wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wako madereva, wako wapishi, wako wa mizinga. Rafiki yangu alisoma jina la Kikamba akasimama ghafla. "Hili ni jina la mjomba wangu," akasema. Hakuwa mjomba wake, lakini alibaki pale kwa muda, akaondoa jani kavu lililoangukia jiwe.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti. Mbele ya sanamu ya mjini tulisimama kama watalii. Mbele ya jiwe lenye jina mtu husimama kama mgeni aliyebisha hodi.

Ndani ya makaburi hayo pia pana ukumbusho wenye majina ya askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi linalojulikana. Wengine walipotea Ethiopia na Somalia mwaka 1940 na 1941, wengine Madagaska mwaka 1942. Na wengi walikufa baharini siku moja. Mwalimu alitukalisha kwenye nyasi akatusimulia habari ya meli iliyoitwa Khedive Ismail.

Meli hiyo iliondoka Mombasa mwezi wa Februari 1944 kwenda Colombo, mji wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ilikuwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na walikuwamo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Hebu hesabu: ni muda mfupi kuliko ule tunaotumia kupanga mstari wa uji. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari za Waingereza zikalazimika kurusha mabomu majini hapohapo ili kuipata. Watu 1,297 walikufa. Waliookoka walikuwa 214 tu.

Sasa nieleze lililonipeleka mimi kwenye ukuta ule wa majina, maana wenzangu walishangaa kuniona nikipitisha kidole mstari kwa mstari.

Baba yake nyanya yangu alikuwa na ndugu mdogo. Alikwenda jeshini akiwa kijana asiyeoa, wakati wa vita hivyo vya pili. Nyanya hakumwona, alizaliwa baadaye. Alisimuliwa na baba yake. Vita vilipokwisha, vijana wa kijiji walirudi na makoti makubwa ya jeshi, wengine na medali. Yeye hakurudi. Haikuja barua ambayo nyanya aliwahi kuisikia. Walingoja mavuno, wakangoja mavuno mengine, kisha wazee wakasema basi. Wakakata mgomba wakauzika. Kaburi hilo la mgomba liko hadi leo nyuma ya nyumba ya nyanya, na hatulimi juu yake. Nami nilipozaliwa nikapewa jina lake. Nikiwa mdogo nyanya alikuwa akinitania, "Wewe ndiye uliyechelewa kurudi kutoka Burma. Ulikuwa wapi siku hizo zote?"

Basi nilikuwa natafuta jina langu mwenyewe. Sikulipata.

Nilimweleza mwalimu, nikaongeza neno "Burma". Akatikisa kichwa. "Kama alifia Burma, hutampata hapa. Unatafuta mlango ambao si wake." Akatufafanulia kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa na alama ya kifaru, iliingia vitani Burma mwaka 1944. Askari hao walipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, malaria ikiwaandama kama adui wa pili, na mwezi wa Desemba wakavuka mto Chindwin pale Kalewa. Waliokufa kule bila kaburi kujulikana wameandikwa kwenye ukumbusho ulioko Taukkyan, nje ya mji wa Yangon, wenye majina karibu 27,000. Watu wa Afrika Mashariki wamo.

Jumatatu yake, baada ya vipindi, mwalimu alitusaidia kutafuta katika orodha ya Tume, ambayo siku hizi inasomwa kwa intaneti. Lilitokea jina, tena si moja. Yalikuwapo majina matatu yanayokaribiana na langu, kila moja limeendelezwa kwa namna yake, kwa sababu makarani walioandika hawakujua lugha zetu. Mmoja aliandika "r" mahali pa "l", mwingine alikata silabi ya mwisho. Niliruka kwa furaha. Mwalimu akanizuia. "Usikimbie. Jina si mtu. Baba yake aliitwa nani? Kijiji gani? Namba yake ya jeshi?" Sikujua hata moja.

Kwa hiyo wasomaji wapendwa, siwezi kuandika hapa kwamba nimempata. Ningependa sana, na hadithi ingemalizika vizuri, lakini ingekuwa uongo.

4. DAFTARI LA MAJINA

Likizo ya Agosti nilikwenda nyumbani. Nilimkuta nyanya akipepeta maharagwe. Kabla sijaketi aliniuliza, "Ulimwona?"

"Sikumwona, nyanya. Lakini nimejua mahali pa kumtafuta. Nipe jina la baba yake."

Alinipa jina la baba, la mama, la ukoo, na la mlima uliokuwa karibu na walikoishi kabla ya kuhama. Nikaandika yote. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Miaka hii yote hakuna aliyeniuliza. Nilidhani nitaenda nayo."

Maneno hayo hayajaniondoka. Sisi hulaumu wakoloni kwa kutoandika majina, na ni haki yetu kulaumu. Lakini nyanya yangu alikuwa na majina hayo kichwani muda wote, naye hakuwa mbali. Nauli tu. Ile ahadi ya sanamu haikusema kwamba serikali itakumbuka, wala mfalme, wala Tume. Ilisema watoto watakumbuka. Watoto wenyewe ni sisi.

Mimi najua haitoshi kuwaachia wakubwa kazi hii. Ni kweli wameanza. Tarehe 1 Novemba 2023 Mfalme Charles III wa Uingereza alifika kwenye makaburi ya vita ya Kariokor hapa Nairobi, akawakabidhi medali upya wazee wachache waliopigana vita vya pili na ambao hawakuwa nazo tena. Tume nayo imekuwa ikishirikiana na watu wa Kenya kutafuta majina katika kumbukumbu za zamani. Hayo ni mambo mema. Lakini kumbukumbu ya ofisi ina namba na tarehe. Haina habari ya nani alizika mgomba, wala kwa nini mtoto fulani anaitwa hivyo.

Kwa hiyo chama chetu kimefungua daftari. Ni daftari la kawaida la kurasa 200, linakaa kabatini mwa mwalimu mlezi. Kufikia siku ninapoandika haya lina majina 17 yaliyoletwa na wanafunzi kutoka makwao: kumi na mawili ya Vita vya Pili, na matano ya wapagazi wa vita vya kwanza. Moja kati ya hayo matano ni la mtu aliyesemekana tu kwamba "alikwenda Kariakoo akanyamaza". Mwanafunzi aliyelileta alidhani babu yao alikwenda Dar es Salaam kufanya biashara. Alipousikia mwanzo wa makala hii ukisomwa katika mkutano wa chama, ndipo alipotambua kwamba aliyetajwa alikuwa mpagazi.

Ukitaka kuleta jina, fuata utaratibu huu:

(a) Uliza mtu mzee kuliko wote katika jamaa yenu. Nenda na heshima, usimhoji kama polisi. Anza na salamu na kazi anayoifanya.

(b) Andika jina lote, pamoja na jina la baba, ukoo na kijiji. Jina moja pekee halitoshi, kama nilivyofundishwa.

(c) Andika namna zote ambazo jina hilo lingeweza kuendelezwa na karani asiyejua lugha yenu. Kumbuka r na l, b na v, ch na sh.

(d) Andika vita gani, na mahali palipotajwa, hata kama ni neno moja tu, kama "Burma", "Abisinia" au "Kariakoo".

(e) Andika jina la aliyekusimulia na tarehe. Naye ni shahidi, asisahauliwe.

(f) Usiongeze chumvi. Usilolijua, acha nafasi wazi.

MSAMIATI WA VITA KATIKA KISWAHILI

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, haya hapa ni baadhi ya maneno niliyokutana nayo njiani.

Askari: neno lenye asili ya Kiarabu, mtu wa jeshi, na siku hizi hata mlinzi wa lango.
Keya: askari wa jeshi la King's African Rifles. Limetokana na herufi za mwanzo za jina hilo, K.A.R.
Mpagazi: mtu achukuaye mizigo kwa ujira.
Kuruta: askari mpya anayefundishwa.
Kombania: sehemu ya kikosi cha askari.
Ombasha na shaushi: vyeo vya zamani, sawa na koplo na sajini. Asili yake ni Kituruki. Yaliletwa na askari waliotoka Sudan na Misri.
Singe: kisu kinachofungwa mbele ya bunduki.
Nyambizi: manowari inayokwenda chini ya maji.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Eleza kwa nini neno moja la Kiingereza lilizaa "Kariokor" Nairobi na "Kariakoo" Dar es Salaam.
2. Onyesha kinaya kilichopo katika maandishi ya sanamu ya Kenyatta Avenue.
3. "Jina si mtu." Jadili usemi huu ukirejelea kisa cha mwandishi.
4. Je, kuzika mgomba ni ushahidi wa nini? Toa mfano wa desturi kama hiyo kutoka jamii yenu.
5. Tunga insha ya ukurasa mmoja: "Asili ya Jina Langu".

TAMATI

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Mimi mtoto mdogo siwezi kubishana na wahenga, ila naomba kuongeza kwamba jina halijiwashi lenyewe. Lazima pawe na mtu wa kulitamka.

Namshukuru mwalimu mlezi kwa kunirudishia kurasa zangu mbili za kwanza, na nyanya yangu kwa kunipa majina. Nimemwahidi kwamba nikipata jambo la hakika kutoka Yangon, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kusikia. Kwa sasa bado napanda matatu ileile kila asubuhi. Makanga akiita "Kariokor!", wengine huangalia kama wamefika. Mimi huitikia moyoni.

Daftari liko kabatini. Nafasi zimebaki nyingi. Karibuni.

Wasalaam.